Viumbe waliohamia wenyewe katika kidimbwi changu: je, nikifukie au nikiache?

Mwenye Kidimbwi, Sakina

Wapenzi wa bustani, nawasalimu nyote. Mwezi Septemba mwaka jana nilichimba kidimbwi nyuma ya nyumba yangu hapa Sakina, Arusha, kati ya mparachichi na ukuta wa jirani. Urefu wake ni mita 3 na upana ni mita 2; katikati maji yanafika sentimita 60, na ukingo mmoja nimeuinamisha taratibu ili kuku au paka akitumbukia aweze kutoka. Nilitandika nailoni nzito, nikamwaga mchanga na kupanga mawe, kisha nikaziachia mvua za vuli kazi ya kukijaza. Kusudi langu lilikuwa kufuga samaki wa mapambo, lakini Januari ina mambo yake, fedha ikaishia kwenye ada za watoto, na kidimbwi kikabaki bila samaki hata mmoja.

Hata hivyo wakazi hawakukosekana. Kabla maji hayajamaliza juma moja palikuwa na wadudu wenye miguu mirefu wanaoteleza juu ya maji bila kuzama, na ilipofika Desemba vyura walikuwa wakipiga kelele kiasi cha kuwaamsha wageni waliolala chumba cha nyuma. Mwezi Machi nilikuta kwenye mabua ya mafunjo maganda makavu ya rangi ya udongo, yenye miguu sita na mpasuko mgongoni, ambayo mwanangu wa darasa la tatu alishikilia kwamba ni nge waliokufa. Asubuhi ndege huja kuoga, mchana nyuki hunywa pale penye mawe, na magharibi popo hupita chini kabisa wakigusa maji mara moja na kupaa tena. Haya yote nimeyapokea kwa furaha.

Kinachonitatiza ni hiki. Juma lililopita, mvua ilipotulia na maji yakaanza kuwa maangavu, niliona makundi ya visamaki vyenye urefu wa kidole cha mwisho, vinavyong'aa kama kioo hata utumbo unaonekana, vyenye sharubu mbili ndefu mdomoni kama za kambare. Havilali chini kama kambare ninaowafahamu, bali vinaning'inia katikati ya maji, kichwa kikiwa chini na ncha ya mkia ikitetemeka bila kukoma, na vyote vimeelekea upande mmoja kama watu walio kwenye foleni. Sikuweka samaki, wala hakuna mto karibu na nyumba. Wametoka wapi?

Swali la pili ndilo lenye moto. Jirani yangu, ambaye tumeishi naye vizuri miaka mingi, amekuja mara mbili kulalamika kwamba kidimbwi kinazalisha mbu, na mara ya pili alikuja na galoni ya oili chafu mkononi akitaka tuimwage juu ya maji. Mama mkwe wangu yuko upande wake, naye husema kwamba maji yaliyosimama ni ugonjwa uliosimama. Mtu mwingine amenishauri niweke kambare watatu au wanne ili wawamalize viluwiluwi wote. Je, nifukie, nimwage oili, niweke kambare, au niache kama kilivyo? Naomba majibu ya wenye uzoefu, maana nimepewa muda hadi mwisho wa mwezi huu wa Mei.

Mwalimu wa Baiolojia, Tengeru

Dada, hongera kwa kidimbwi, na ninakuomba kwanza usimruhusu mtu yeyote kumwaga oili. Ni kweli kwamba oili huwaua viluwiluwi wa mbu, kwa kuwa viumbe hao hupanda kupumua hewa juu ya maji na oili huwazibia njia, lakini itawaua pia wote wanaowala, na siku kidimbwi kitakapofurika kwa mvua, oili hiyo itaingia kwenye udongo wa mparachichi wako na kuendelea hadi mtaroni.

Neno viluwiluwi lenyewe limewakwamisha wengi, kwa sababu tunalitumia kwa watoto wa chura na kwa watoto wa mbu pia, na ninashuku kwamba nusu ya ugomvi wako na jirani imetoka hapo: wewe unamwonyesha mtoto wa chura, yeye anamwona mbu wa kesho. Katika jibu hili nitamwita mtoto wa chura ndubwi, na kiluwiluwi nitamwachia mbu.

Visamaki vyako, kwa jinsi ulivyovieleza, si samaki. Ni ndubwi wa chura mwenye kucha, yule ambaye wataalamu humweka katika jenasi ya Xenopus. Hesabu sharubu: mtoto wa kambare ana jozi 4, yaani sharubu 8 kuzunguka mdomo, ilhali ndubwi huyu ana mbili tu, moja kila upande. Kambare hutafuta chakula chini kwenye matope. Ndubwi huyu hana meno ya kukwangua majani kama ndubwi wengine, bali huvuta maji mdomoni na kuyachuja, akibakiza vijimea vya kijani vinavyoelea, na ndiyo maana anaweza kusimama katikati ya maji siku nzima huku mkia ukitetemeka. Kama maji yako yalikuwa ya kijani mwezi Machi na sasa yameanza kuwa maangavu, basi mvua kutulia ni sababu moja na hawa wachujaji ni sababu nyingine. Subiri uone miguu ya nyuma ikichomoza, halafu ya mbele, nawe hutakuwa na shaka tena.

Wazazi wao huenda hujawaona kabisa, kwa kuwa ni vyura wanaoishi ndani ya maji karibu maisha yao yote na hata wimbo wao huuimba chini ya maji. Ukimnasa mmoja kwa wavu utamtambua upesi: mwili umelala bapa na unateleza kama sabuni, macho yako juu ya kichwa yakitazama mbinguni, hana ulimi, na vidole 3 vya kila mguu wa nyuma vina kucha nyeusi. Ubavuni ana alama fupi fupi zinazofanana na mshono wa cherehani, ambazo ni viungo vya kuhisi mtikisiko wa maji. Usiku wa mvua kubwa huvuka nchi kavu, akikokota tumbo kwenye majani yaliyolowa hadi afike maji mengine, na hivyo ndivyo alivyokufikia bila mto. Kelele za Desemba, kwa upande mwingine, ni za vyura wa kawaida wenye ngozi ya mabaka na manundu, ambao hutaga mayai katika nyuzi ndefu mithili ya shanga nyeusi zilizotungwa ndani ya ute, wakizizungusha kwenye mimea. Ukiwa na mbwa, mzuie asiwang'ate vyura hao, kwa kuwa tezi zilizo nyuma ya macho yao hutoa sumu.

Mwambie mwanao kwamba maganda yale si nge, ingawa kosa lake linaeleweka. Ni mavazi yaliyovuliwa na kereng'ende. Kereng'ende huishi sehemu kubwa ya utoto wake majini akiwa tunutu asiye na mabawa, mdudu wa rangi ya matope mwenye mdomo wa chini uliokunjwa chini ya kichwa kama mkono uliofumbwa. Kiluwiluwi akipita karibu, mkono huo hufyatuka, humnyaka na kurudi, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Akikomaa hupanda bua usiku au alfajiri, mgongo hupasuka, na kereng'ende mwenye mabawa yaliyokunjamana hutoka na kungoja yakauke. Ukilishika ganda dhidi ya mwanga utaona nyuzi nyeupe zikining'inia ndani ya mpasuko: ni bitana la mirija aliyokuwa akipumulia, nalo amelivua pamoja na ngozi. Sijui mwanafunzi ambaye nimemwonyesha nyuzi hizo akaendelea kusinzia darasani.

Umeuliza wanatoka wapi. Kereng'ende na mende wa majini huyaona maji kutoka angani kwa namna ambayo sisi hatuwezi, kwa kuwa nuru inayoakisiwa na uso tambarare wa maji huwa na mpangilio ambao macho yao huutambua, na mara nyingine hudanganyika wakajaribu kutaga juu ya boneti la gari lililong'arishwa. Wengine hutoka mbali zaidi ya unavyodhani. Yule kereng'ende wa rangi ya dhahabu anayekuja kwa makundi wakati wa vuli, Pantala flavescens, hutaga katika madimbwi ya mvua ambayo hayana samaki. Mwaka 2009 mwanabaiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldives, alichapisha hoja kwamba mamilioni wanaopita katika visiwa hivyo kila mwaka huwa njiani kutoka India kuja Afrika Mashariki, wakisukumwa na upepo juu ya bahari, na kwamba uzao wao ndio hurudi. Kidimbwi cha Sakina kinaweza kuwa kituo katika safari hiyo.

Kuhusu mbu, usibishane na jirani kwa maneno, bali kwa kata. Wataalamu wa afya hutumia kata nyeupe ya mililita 350 hivi. Wewe tumia bakuli jeupe lenye mpini. Nenda asubuhi, usiruhusu kivuli chako kiangukie maji kwa sababu viluwiluwi huzama wakiona kivuli, kisha chota mara 20 pembeni, mahali penye majani, na hesabu. Kiluwiluwi anayelala sambamba na uso wa maji ni wa Anopheles, jamii inayoeneza malaria; anayening'inia kichwa chini huku mrija wa mkiani ukigusa uso wa maji ni Culex au Aedes. Tafuta hasa pupa, yaani kiluwiluwi aliyefikia hatua ya mwisho kabla ya kuwa mbu, yule mwenye umbo la alama ya mkato anayejirusharusha, kwa sababu ukiwakuta viluwiluwi wadogo bila pupa, maana yake wanazaliwa lakini wanaliwa kabla hawajakomaa. Ukimaliza kidimbwi, fanya vivyo hivyo katika visahani vya maua, matairi, makopo na mtaro wa nje. Anopheles wa kwetu hupenda vidimbwi vidogo vya muda vyenye jua, kama alama za tairi na nyayo za ng'ombe, ambako wawindaji hawajafika. Culex hupenda maji machafu ya mashimo na mitaro. Aedes, anayeeneza dengi, hupenda vyombo vyetu wenyewe.

Ikiwa utakuta pupa wengi kidimbwini, dawa ipo na si oili. Kuna dawa ya kibaiolojia itokanayo na bakteria Bacillus thuringiensis israelensis, ambayo hutengenezwa hapa nchini, Kibaha, nayo humdhuru kiluwiluwi anayeila bila kumgusa chura wala kereng'ende.

Kambare, hapana. Huyo hula kila kinachoingia mdomoni.

Mfugaji wa Samaki, Usa River

Ninaunga mkono hukumu juu ya kambare. Mbali na ulafi wake, anapumua hewa, na usiku wa mvua hutembea kwa mapezi na tumbo akahama. Nimewahi kumwokota mmoja kwenye mahindi, mita 30 kutoka bwawani, akiwa mzima kabisa. Kidimbwi cha sentimita 60 chenye ukingo ulioinama ni mlango wazi kwake.

Hata hivyo nadhani Mwalimu ametetea sana vyura. Mimi nina mabwawa matatu ya perege, na sijapata kuona kiluwiluwi wa mbu humo wala kukosa usingizi kwa kelele. Perege wadogo watano au sita katika kidimbwi chako wangetosha, na jirani angeridhika kwa kuwaona tu, maana watu huamini samaki kuliko wanavyoamini wadudu. Gharama yake lazima niiseme wazi: perege watakula mayai ya vyura, ndubwi wadogo na tunutu wengi, na ndani ya miezi michache utakuwa na bwawa la samaki ambalo utalazimika kulilisha na kulibadilishia maji. Kwa hiyo chagua kimoja. Ukichagua samaki, usimwage kamwe mabaki ya bwawa mtoni. Sato aliyeletwa kwa ufugaji ameshaingia katika maji ya Bonde la Pangani na kuchanganyika na perege wa asili, Oreochromis jipe, ambaye yumo katika orodha ya spishi zilizo hatarini kabisa kutoweka.

Fundi Bustani, Njiro

Umeulizia kila kitu isipokuwa nyoka, nami nakuambia kwamba watakuja, kwa sababu penye vyura hawakosekani. Ninatunza bustani tano zenye maji hapa Njiro na Themi, na katika zote nimeona nyoka mwembamba wa kijani akiogelea mchana kweupe akiwinda vyura. Mara nyingi huyo hana madhara kwa mtu, lakini kwa kuwa rangi ya kijani inaweza kumdanganya hata mzoefu, mimi simshiki, wala simpigi. Ninarudi nyuma na kumwacha aende. Fyeka nyasi zibaki fupi katika njia ya kutoka nyumbani hadi kidimbwini, usirundike mawe wala kuni karibu na mlango, na usiku tembea na tochi. Nyoka akikataa kuondoka, tafuta mtu aliyezoea kazi hiyo. Hapa Arusha tuna bahati ya kuwa karibu na bustani ya nyoka ya Meserani, barabara ya Dodoma, ambako watoto wanaweza kujifunza kuwatofautisha wakiwa nyuma ya kioo.

Mzee wa Kihamba, Old Moshi

Wanangu, nimesoma nikatabasamu, kwa kuwa jambo mnalolijadili kama jipya lilikuwa uani kwetu nilipokuwa mtoto. Mfongo wetu, yaani mfereji wa kumwagilia, ulitoka korongoni, ukapita juu ya kihamba, shamba letu la nyumbani, na kabla haujaanza kugawanywa uliingia katika nduwa, yaani bwawa la udongo ambalo lilizibwa jioni, likajaa usiku kucha, na kufunguliwa alfajiri ili maji yawe na nguvu ya kufika hadi migomba ya mwisho. Aliyekuwa na zamu aliamka kabla ya jogoo. Mimi nilitumwa kuzibua, na nilipoingiza mkono kwenye tundu la gome la mgomba tuliloziba nalo, mara nyingi nilimshika kaa kabla ya kulishika gome. Kaa wale wadogo wa rangi ya kahawia walitoboa kingo, na baba aliwachukia kwa sababu kila tundu ni maji ya mtu yanayopotea kwa jirani.

Nieleze kilichohusu mbu, maana ndilo swali. Nduwa lilitoka maji kila asubuhi, na kiluwiluwi anahitaji juma moja au zaidi kutoka yai hadi mabawa, tena zaidi kwenye baridi ya mlimani, hivyo hakupata nafasi. Pembezoni ambako maji hayakutoka kabisa yalisimama magimbi, na chini ya majani yake palikuwa na kivuli kizito na vyura wasiohesabika. Binti yangu, huwezi kukifungua kidimbwi chako kila alfajiri, lakini magimbi unaweza kuyapanda kwenye ule ukingo ulioinama. Yatapunguza jua, yatawapa vyura mahali pa kujificha dhidi ya korongo, na baada ya miezi minane utachimba chakula.

Jambo ambalo hakuna aliyeligusa ni watoto. Katika nduwa tulizuiliwa kuchezea peke yetu, na aliyekaidi alijua habari yake. Sentimita 60 zinatosha kumzamisha mtoto wa miaka miwili, na huenda jirani yako ana mtoto. Tandaza wavu imara wa chuma wenye matundu mapana, juu kidogo ya uso wa maji. Chura atapita, kereng'ende atapita, mtoto hatapita.

Mwenye Kidimbwi, Sakina

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Nimesubiri majuma mawili kabla ya kujibu ili nije na hesabu.

Nilimwomba jirani aje tuchote pamoja, akaja, ingawa alikuja kwa mashaka na hakukubali kuketi. Tulichota mara 20 kidimbwini kwa bakuli la plastiki jeupe. Tulipata viluwiluwi 4, wote wadogo, mmoja akilala sambamba na uso wa maji na watatu wakining'inia. Pupa hakupatikana hata mmoja. Tulipata pia tunutu wawili, mdudu mmoja anayeogelea chali kwa miguu inayofanana na makasia, na ndubwi zaidi ya tulivyoweza kuhesabu. Nikaweka tunutu mmoja na viluwiluwi watatu katika gilasi juu ya meza ya uani. Kwa dakika kadhaa hakutikisika, hata jirani akasema amekufa. Kiluwiluwi wa kwanza alipopita mbele yake hatukuona chochote isipokuwa kwamba hakuwepo tena. Wa pili vivyo hivyo. Hapo ndipo jirani alipovuta kiti.

Kisha tukazunguka nyumba zote mbili. Katika visahani vya maua vilivyo barazani kwangu, navyo navimwagilia mwenyewe kila siku kwa upendo mkubwa, tulihesabu viluwiluwi 37 na pupa 11. Kwenye tairi lililoegeshwa nyuma ya banda lake la kuku tuliacha kuhesabu. Hakusema neno, alilibeba tairi hadi barabarani, na jioni yake nilivimwaga visahani vyote na kuvijaza mchanga. Mama mkwe bado anasema nifukie, lakini sasa anasema kwa sauti ya chini.

Hata hivyo hesabu ile moja ya Anopheles inanikosesha raha. Je, nimpuuze? Na nina ungamo: mwezi Februari mtu mmoja aliniletea mmea unaoelea, wenye majani yaliyovimba mashinani na maua ya zambarau mazuri sana. Ulikuwa mmoja. Leo umefunika theluthi ya maji. Konokono wadogo nao wamejaa chini ya majani yake, na nimesikia habari za kichocho.

Mwalimu wa Baiolojia, Tengeru

Usimpuuze, endelea kuchota kila juma na uandike. Mmoja bila pupa si dalili mbaya, lakini Arusha kuwa miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo hakutupi ruhusa ya kulala. Akionekana pupa mmoja wa Anopheles, weka ile dawa ya kibaiolojia.

Mmea huo ni gugu maji, na uutoe wote leo, pamoja na vipande vidogo, kwa kuwa kila kipande huzaa kingine. Usiutupe mtaroni wala Mto Themi. Uanike juani hadi ukauke kabisa, kisha uufukie kwenye mboji. Ukitoka, mwanga utafika chini na tunutu wataona mawindo yao. Badala yake tafuta yungiyungi wa kienyeji mmoja au wawili, na usiruhusu majani yafunike zaidi ya nusu ya maji. Ukiongeza maji ya bomba wakati wa kiangazi, yaache kwanza kwenye ndoo zilizo wazi siku moja au mbili ili klorini itoke, maana ngozi ya ndubwi haivumilii.

Konokono hawatengenezi kichocho wao wenyewe. Mdudu wa kichocho huingia majini kwa mkojo au kinyesi cha mtu aliyeambukizwa, hukua ndani ya aina fulani za konokono, ndipo hutoka kutafuta ngozi ya mtu. Kidimbwi kilicho ndani ya ukuta wako, ambacho hakuna anayejisaidia humo wala maji ya choo kuingia, hakina mwanzo wa mzunguko huo. Watoto wasigeuze kuwa choo cha haraka wakati wa michezo, nawe utakuwa salama.

Mkazi wa Rau, Moshi

Samahani kwa kudakia. Kwetu huku Moshi, chini kidogo, juu ya pipa la maji tuna mti wa miiba, mkakaya, na baada ya mvua nimekuta kwenye tawi lake donge la povu jeupe, kubwa kama ngumi, limekauka nje kama meringi ya keki. Watoto wanasema ni mate ya nyoka. Je, lina uhusiano wowote na mjadala huu, au nilichome?

Mwalimu wa Baiolojia, Tengeru

Lina uhusiano wa karibu, na usilichome. Ni kiota cha chura wa mitini wa jenasi ya Chiromantis, anayepiga ute kwa miguu ya nyuma hadi uwe povu, kama mtu anayepiga mayai, na kutaga ndani yake. Nje hukauka, ndani hubaki unyevu, na baada ya siku chache povu hulainika upande wa chini na ndubwi hudondoka majini mmoja mmoja. Ndiyo maana alichagua tawi lililo juu ya pipa lako. Tatizo ni pipa lenyewe: ndubwi wakishapata miguu hawataweza kupanda kuta zake, kwa hiyo wahamishie kwenye beseni pana lenye mawe yanayochomoza, kisha pipa ulifunike vizuri, kwa sababu pipa lililo wazi ndilo Aedes analolitafuta.

Mwenye Kidimbwi, Sakina

Gugu maji limetoka, magunia mawili na nusu, limeanikwa juu ya paa la banda. Wavu wa chuma umewekwa kama alivyoagiza Mzee, na jirani ndiye aliyeukata kwa mkasi wake wa bati. Magimbi nimeahidiwa na mama mmoja sokoni.

Lakini tangu juzi amekuja fundi chuma, yule ndege wa kahawia mwenye kishungi kinachoufanya ubavu wa kichwa chake ufanane na nyundo. Anasimama kwenye maji ya kina kifupi, anakoroga matope kwa mguu mmoja, anangoja, anadaka. Asubuhi ya leo amekula vyura wenye kucha watatu nikimtazama kupitia dirisha la jikoni, na mama mkwe, aliyelelewa akiambiwa kwamba ndege huyo hutangulia msiba, amekataa kutoka nje hadi aondoke. Mzee, huko kwenu mlifanyaje naye?

Mzee wa Kihamba, Old Moshi

Marahaba, binti yangu. Tulimwacha. Chakula chake kikubwa ni huyo huyo chura mwenye kucha, na nduwa letu halikuwahi kukosa vyura kwa ajili yake. Alikuwa akija, akishiba anaenda kuongeza vijiti kwenye kiota chake, ambacho kilikuwa kikubwa kiasi kwamba mtoto angeweza kusimama juu. Mwambie mama mkwe kwamba bibi yangu naye alimwogopa ndege huyo, akaishi akiwaona wajukuu wa wajukuu. Magimbi usinunue sokoni. Nina machipukizi ya aina yetu ya zamani, na Jumamosi kijana wangu anapanda basi la Arusha.

Mwenye Kidimbwi, Sakina

Nitampokea stendi, Mzee. Nitakuja na gunia na ndoo yenye maji kidogo, yasije yakanyauka njiani.